Kashata za Siku ya Tetemeko

Siku ya tetemeko nilikuwa jikoni na mama mkwe wangu, Mama Eduviges, tukitengeneza kashata za mbegu za mchicha, zile tunazoziita furaha. Hapa kijijini kwetu Tulyehualco kila nyumba ina namna yake ya kuzitengeneza, na kwa Mama Eduviges namna za nyumba nyingine zote zilikuwa uchafu. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya kaango la udongo nikaange mbegu kidogo kidogo, nikizigeuza kwa kifagio kidogo ili zipasuke ziwe nyeupe kama bisi kabla hazijaungua.

"Otilia, hizo unazikaanga au unazichoma kama maiti?" aliniuliza. "Moshi gani huo!"

"Si zinapasuka, Mama?"

"Zinapasuka kwa hasira. Punguza moto."

Yeye alikuwa kwenye jiko la gesi, akikoroga sukari guru na asali. Alikamulia ndimu, akadondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi, akalifinya. Bado lilikuwa laini mno. Ndipo vikombe vilipoanza kugongana kabatini.

Mwanzo nilidhani ni lori linapita. Kisha sakafu ikaenda upande mmoja na kurudi. Nilijaribu kuinuka, uzito wa tumbo ukanirudisha kigodani. Mama Eduviges, ambaye kila asubuhi hulalamikia magoti, alizima gesi, akanishika kwapani na kuniburuta mpaka uani. Tulianguka sote wawili kando ya karo la kufulia, mimi kwa ubavu. Nyuma yetu ukuta wa jikoni ulipasuka kuanzia dirishani hadi chini.

Ardhi ilipotulia, nilimwaza kwanza Fermín, mume wangu. Alikuwa shambani mlimani, na huko hakuna cha kumwangukia mtu, nikajipa moyo. Kisha nikasikia kwamba tumboni mwangu kumetulia. Mtoto wangu alikuwa wa mateke, saa zile za mchana hanipi raha. Niliweka mkono, nikangoja.

"Mama, hachezi."

"Ameshtuka tu, mwanangu."

"Hachezi, Mama!"

Jirani alipita mbio akatuambia zahanati imefungwa, wauguzi wako barabarani na majeruhi. Simu hazikushika. Mama Eduviges alimwomba amtafute mkunga, akanilaza kwa ubavu juu ya mkeka, akanitazama usoni. Halafu akageuka, akaingia tena jikoni.

"Mama! Ukuta utakuangukia!"

Alitoka na sufuria ya shira mkono mmoja na beseni la mbegu kwapani, nywele zimejaa vumbi.

"Una wazimu, Mama?"

"Fermín naye, alipokuwa tumboni, aliwahi kuninyamazia hivi hivi. Mama yangu alinilisha kitu kitamu. Tulia."

Aliwasha kuni katikati ya matofali, akaipasha shira mpaka ikachemka na kutoa mapovu mazito. Hata hapo alilipima tone kwenye maji ya karo. Safari hii likashikana. Akamimina mbegu, akakoroga, wala hakuhangaika na fremu ya mbao ya kuzimwagia kashata wala chupa ya kuzikandamizia. Alifinyanga donge kwa vidole, akalipuliza.

"Kula."

"Siwezi kumeza."

"Nani kakuuliza kama unaweza? Kula!"

Nilikula huku machozi yakiniingia mdomoni. Nikala donge la pili. Mama Eduviges alipiga magoti, akalaza sikio tumboni mwangu. Nilikuwa natazama mvi zake tu, nikimsikia akinong'ona sala.

Mara akaruka.

"Amenipiga! Amenipiga sikioni, mshenzi mkubwa huyu!"

Nami nililisikia: teke, na lingine, kisha tumbo zima likageuka kama mtu anayevuta blanketi. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama Eduviges alikuwa analia na kucheka, kamasi na shira usoni, akinibusu tumbo na kulitukana kwa zamu.

Mkunga alifika baadaye, akasikiliza, akasema moyo unadunda vizuri, nisinyanyue kitu. Alikuwa hajaondoka Fermín alipoingia mbio, kiatu kimoja mguuni, uso mweupe.

"Mnacheka nini? Nyumba imepasuka!"

"Itapakwa saruji," alisema mama yake. "Njoo umsalimie mwanao. Hana adabu, kama wewe."

Fermín alikaa chini pale pale, akaweka kiganja tumboni na kukiacha hapo. Pumzi zake zilichukua muda kutulia. Nilimlisha kipande, naye akatafuna. Mama Eduviges alikuwa amekwisha jaza sinia madonge mengine, anakwenda kuwagawia majirani waliokaa barabarani, na nilimsikia mlangoni akiwaonya mapema:

"Msinisengenye. Hizi sikuzikandamiza."