Jina la Mtoto wa Kwanza

Chama chetu cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa mpunga, hapa Kahama, kiliponunua mfumo wa kompyuta kilinunua wa bei poa, na rahisi huwa ghali. Mwanachama akitaka kuona salio lake kwenye simu anaandika namba yake ya uanachama, kisha anajibu swali la siri: mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?

Sasa nisaidieni. Namba za uanachama tunaziandika kwa rangi kwenye magunia ghalani ili mpunga wa mtu usichanganyike na wa mwenzake. Na jina la mtoto wa kwanza ndilo mji mzima unalokuitia tangu mkeo atoke wodi ya wazazi. Baba Davis akivuka barabara anaitwa Baba Davis na wapiga debe, mama lishe, padri na shehe. Mimi Ritha, mtunza kumbukumbu wa chama, nilimwambia mwenyekiti wetu Mzee Ndaki kwamba tumefunga mlango halafu ufunguo tumeutundika nje. Akanijibu kuwa mfumo umetoka Dar, na watu wa Dar wamesoma.

Katika wanachama wote, mmoja tu alinitoa jasho siku ya kusajili. Asteria, Mama Violeth, ni rafiki yangu, na ni mtu anayeogopa kudanganya hata kompyuta. Nilipofika kwenye swali la siri nilishaanza mwenyewe kuandika Violeth. Akanishika mkono, akaangalia mlangoni, akaninong'oneza: Pantaleo. Pantaleo tunamjua wote kama mdogo wake wa mwisho, anayelelewa na mama yao kule Maganzo. Kumbe Asteria ndiye aliyemzaa, kabla hajakutana na mumewe Masalu, bibi akamchukua kama wake, na Masalu hakuambiwa. Niliandika, nikanyamaza. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, kule kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko kazi yenyewe.

Mambo yaliharibika kwenye kikao cha harusi. Baba Davis alisimama akaahidi mchango wa aibu, akilalamika kwamba mwaka huu hali ni ngumu. Shemeji yake akatoa simu na kuwasomea wajumbe salio la Baba Davis, mpaka na senti. Kesho yake ofisi yangu ilijaa watu waliotaka kujua nani kaona cha nani, na wengine, nina hakika, walikuja kupima kama wamegundulika.

Mzee Ndaki akaita mkutano mkuu na kumleta mtaalamu kutoka Mwanza, kijana anaitwa Donatus, mwenye kompyuta na projekta ya kumulika ukuta mzima. Donatus hakuhubiri. Alimsimamisha mwanachama, akawauliza waliokaa jirani wanamwitaje, akaandika jina hilo, na mfumo ukafunguka mbele yetu. Salio alilifunika, kijana ana adabu. Akafanya hivyo kwa mwingine, na mwingine, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Akafika kwa Mama Violeth.

Ukutani yakatokea maandishi mekundu: jibu si sahihi.

Ukumbi ukapiga makofi. Donatus akamsifu kwamba huyu ndiye mwanachama mwenye akili ya usalama, akamwomba atufundishe alifanyaje. Asteria alisimama. Masalu alikuwa kando yake, akiizungusha kofia yake magotini. Mmoja nyuma akasema labda mfumo ni mbovu, maana wana watoto wawili tu, na Violeth ndiye mkubwa. Nikaona rafiki yangu anashika mgongo wa kiti, na nikaogopa sana.

Mzee Ndaki, ambaye hapendi kitu kibaki na fundo, akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu Ritha, wewe unayaona majibu humo ndani. Tusomee, tujue kama ni ubovu."

"Nitasoma, Mwenyekiti," nikasema. "Lakini taarifa za mwanachama ni sawa na za mwenzake. Nikifungua moja nafungua zote. Nianze na majina ya warithi mliyoandikisha, na nianze na la kwako."

Mkewe, Mama Mageni, alikuwa safu ya mbele. Mzee Ndaki akakohoa. Wanaume wengi wakakohoa naye, kama ghala limepuliziwa dawa ya wadudu. Hoja ya kulinda siri za wanachama ikapita bila mtu kupinga, na mfumo ukaamuliwa ubadilishwe. Kutishia watu kwa siri zao si utunzaji wa kumbukumbu, najua. Siku ile sikuwa na fimbo nyingine.

Mfumo mpya ulipofika, kila mmoja alikuja dirishani kwangu peke yake kuchagua swali lake na kuhakiki taarifa. Masalu akaja akiwa na vumbi la mashine ya kukoboa. Akaniambia kwenye warithi nimwongeze Pantaleo. Nikauliza kama kwenye uhusiano niandike shemeji.

"Andika mtoto," akasema. "Nilijua kabla sijatoa ng'ombe wa mahari. Nimesubiri aniambie, mpaka nimeona aibu kuuliza."

Jioni Asteria akaja, macho yamevimba, kuniuliza kama Masalu ameshuku kitu. Ulimi uliniwasha. Nikamjibu kwamba taarifa za mwanachama sizitoi hata kwa mkewe. Akakasirika, akasema cheo kimenibadilisha. Alipofika mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Mwambie mwenyewe, Mama Violeth. Leo. Na usiogope."

Alinitazama sana, akaondoka bila kuaga.

Likizo ya shule ilipofika, Asteria alipita barabara ya mashineni na Pantaleo, kijana mrefu, amebeba begi la madaftari. Masalu akatoka mlangoni pa mashine, mweupe kwa pumba, akaita kwa sauti ya kushinda injini.

"Mama Pantaleo! Mwambie kijana aje kunisaidia gunia."

Barabara nzima ikageuka. Asteria akasimama pale pale katikati, analia na kucheka, na bodaboda wakamzunguka bila kupiga honi. Mimi nililia dirishani kwangu.

Halafu nikamtumia ujumbe aje ofisini. Hata kwenye mfumo mpya jibu lake la siri hakulibadilisha, na sasa linajulikana mpaka stendi.