Muda Wako Umekwisha, Mzee Masolwa

"Mara ya nne, Konso! Mara ya nne mfumo wako unanitoa nje kama mbuzi aliyeingia jikoni!"

"Mama, nimeshakwambia ujaze haraka. Dakika kumi zinatosha kabisa."

"Zinamtosha nani?"

Binti yangu Consolatha ndiye aliyekitengenezea chama chetu cha wafuga nyuki hapa Isevya mfumo wa kusajili mizinga. Mimi ni katibu. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa miaka kumi na minane nilisajili watu kwenye daftari ambalo halikunifukuza hata siku moja. Usajili ulikuwa unafungwa leo saa kumi jioni. Asiye na namba haingii msituni msimu mzima.

Ilikuwa saa nane kasoro, na alikuwa amebaki mtu mmoja tu: mzee Masolwa kutoka Usoke. Tena kiti chake kilikuwa kitupu, alikuwa ametoka sasa hivi. Maandishi mekundu yalipotokea kwenye kompyuta, aliinama akayasoma mwenyewe kwa sauti: "Muda wako umekwisha." Akavaa kofia yake. "Sawa, mama Konso. Mngesema tangu asubuhi kwamba wazee hatutakiwi." Akatoka.

"Umesikia ulichomwambia?" nikamuuliza Konso.

"Sijamwambia mimi. Huo ni ujumbe wa kawaida."

"Mzee wa miaka sabini na sita unamwambia muda wake umekwisha, halafu ni kawaida!"

Nilimkuta Masolwa getini, nikambembeleza. Alikubali kurudi, ila hicho kidude kisimsemeshe tena. Nikamkalisha, kisha nikamvuta Konso mkono nikamkalisha kwenye kiti changu.

"Jaza wewe. Haraka, kama unavyosema."

"Shikamoo, babu," Konso akaanza.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Konso akataja jina la baba yake. Kosa. Masolwa alimfahamu babu yake, akamuulizia, akaambiwa ameshafariki, akatoa pole, akauliza alizikwa wapi. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

"Una mizinga mingapi, babu?"

"Arobaini na mmoja."

"Iko wapi?"

Masolwa hataji mahali bila kumtaja mtu. "Wa kwanza uko kwenye mninga, aliutundika marehemu kaka yangu Adriano mwaka tuliohama. Wa pili uko mtoni. Aliutundika mwanangu Xavery, akaanguka, mguu ukavunjika..."

Konso aliandika, akasikiliza, akaandika. Utamkataje mzee aliye katikati ya habari za marehemu? Walipofika mzinga wa tisa, maandishi mekundu yakatokea. Masolwa akayatazama, akamtazama Konso.

"Kumbe hata wewe, mjukuu wangu?"

Nilicheka. Konso hakucheka.

"Lakini nilikuwa naandika!"

"Hata mimi nilikuwa naandika. Mara zote nne."

Konso akasema kwa sauti ndogo, "Mfumo hauhesabu kuandika. Unajua mtu yupo akibonyeza Tuma tu."

"Kwa hiyo miezi miwili mimi naandika, wenyewe unaona nimelala?"

"Ndiyo, Mama."

"Ziondoe hizo dakika kumi."

"Siziondoi. Mwezi uliopita mwenzako Pelagia aliacha akaunti yake wazi akaenda kunywa chai, mtu akajiandikia mizinga sita isiyo yake. Umesahau?"

Sikusahau. Niliwasuluhisha wiki mbili wale watu. Hapo alinipata.

"Basi mlango ufungwe," nikasema. "Lakini anayefunga aulize kwanza kama kuna mtu ndani. Na nikirudi na neno langu la siri, nikute vitu vyangu nilipoviacha. Sasa hivi, Konso, si kesho."

Konso alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaanza. Mimi nikatoa daftari la zamani kabatini, nikamwagia Masolwa chai, nikaandika mizinga yote arobaini na mmoja, na marehemu walioitundika.

Saa tisa na dakika ishirini Konso akasema, "Jaribu."

Nilijaza kutoka kwenye daftari. Kila kisanduku nilichokitoka kilijihifadhi chenyewe. Kwenye mzinga wa ishirini na tisa Masolwa akanizuia: huo aliutundika mtu aitwaye Vedasto, si Adriano, na kulikuwa na ugomvi wake, na ugomvi wenyewe ulikuwa mrefu. Nikaondoa mikono kwenye kompyuta nikamsikiliza. Akiwa bado anasimulia, kisanduku kidogo kikatokea. Hakikuwa chekundu.

Masolwa akainama, akasoma: "Hodi. Bado upo?"

"Nipo," akasema. Akanyoosha kidole, akabonyeza mwenyewe.

Nikajaza kumi na miwili iliyobaki. Saa tisa na dakika hamsini na moja nikabonyeza Tuma, nikaandika namba yake kwenye kadi, nikampa mkononi.