Ile Isiyomfaa Ndegwa

Wacha niseme mapema, nisije nikaonekana mtu wa kiburi. Mimi sikuamka siku moja nikaota pikipiki. Nilichoka kubebwa.

Nilikuwa nakaanga mandazi nyumbani Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, nayapeleka Upper Hill kwa watu wa maofisini kabla hawajaketi na chai yao. Mtu wa ofisi akikosa mandazi leo, kesho ananunua mkate, na kesho kutwa amesahau kuna mama wa mandazi anayeitwa Wangu. Aliyekuwa akinipeleka ni shemeji yangu Ndegwa, kitinda mimba kwao, ndugu wa mume wangu Wainaina. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu. Akiamka vizuri, tunafika mapema. Akiamka vibaya, au akipata abiria mwenye haraka njiani, mimi naachwa kando ya barabara na kreti langu limefunikwa kitambaa, nasubiri arudi. Nikilalamika, anaambia watu shemeji yake ana mdomo. Hebu niambie, nani hangekuwa na mdomo?

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa, pikipiki zimeshuka bei, kila kona ya Dagoretti kijana amekalia moja. Zamu yangu ya chama, kile cha akina mama tunaochanga kila mwezi, ikafika. Chama chetu hakimpi mtu pesa mkononi. Tunakuuliza unataka nini, tunaenda na wewe dukani, kinanunuliwa, na tunakileta mpaka kwako tukiimba. Wengine walichukua tangi la maji, wengine ng'ombe, wengine viti. Mimi nikasema pikipiki. Mama Mwendwa, mwenyekiti wetu, mama mnene kutoka Ukambani asiyependa maneno mengi, akaniuliza ni nani ataiendesha. Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia, akaangalia miguu yangu mifupi, akaandika.

Hapo lazima nieleze jambo la Anita, maana bila hilo hutanielewa. Anita tulimnunulia cherehani. Tukaipeleka kwa nyimbo, na tulipofika langoni mume wake akaja mbio, akaipokea kwa heshima zote, akaiingiza ndani. Tulipiga vigelegele tukasema huyo ndiye mwanamume. Haikukaa. Ilihamia kwa dada ya huyo bwana, na Anita alipouliza, aliambiwa kilikuwa kitu cha nyumba, na nyumba imeamua. Tangu hapo Mama Mwendwa aliweka sheria. Kitu kinafika kwako ukiwa umekishika mwenyewe. Kisha yeye anauliza kwa sauti, mbele ya majirani, hiki ni cha nani, na mume wako anakutaja jina. Asipokutaja, kitu kinarudi na chama. Wanaume walikasirika mwanzoni, baadaye wakazoea. Kutaja jina la bibi yako kunagharimu nini?

Mimi nikaenda kujifunza. Mwalimu wangu aliitwa Musembi, mtu mpole, alikuwa anatufundishia kwenye uwanja wa kanisa. Nilianguka. Nilizima injini mbele ya wavulana wa sekondari wakacheka mpaka wakashikana. Niliungua mguu kwenye bomba la moshi, alama ninayo hadi leo. Wainaina aliniambia niache, ninaaibisha watu. Nilimuuliza ni watu gani hao, na kama wananunua mandazi. Lakini nilipopata kile cheti cha mwanafunzi wa udereva, alinipongeza. Nami, mjinga, nikafurahi.

Siku ya kununua tukashuka mjini, Ngara, mimi, Mama Mwendwa na Anita. Kufika dukani, tunamkuta Ndegwa ameshafika, amesimama mlangoni na miwani ya jua kama mwenye duka. Alisema kaka yake amemtuma anisaidie kuchagua kwa sababu mimi ni mgeni wa hivi vitu. Sikutaka kugombana mbele ya watu. Nikaingia.

Ukiwa mwanamke kwenye duka la pikipiki, wewe ni mwavuli uliosahauliwa na mtu. Muuzaji aliongea na Ndegwa. Nikiuliza swali, anamjibu Ndegwa. Wakaenda moja kwa moja kwenye pikipiki moja kubwa, nyeusi, kiti kirefu, chuma kipana nyuma. Ndegwa akaipapasa tangi, akasema hii ndiyo kazi, hii inabeba watatu na gunia juu.

Nikamwambia mimi sibebi watatu. Mimi nabeba kreti.

Akacheka, akaniambia nipande basi nione. Nikapanda. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinatafuta sakafu bila kuipata. Ikainama upande wa kushoto, nami nikainama nayo, na muuzaji akaruka kutushika, zaidi pikipiki kuliko mimi. Ndegwa akasema hakuna shida, haina haja mimi kufikisha miguu chini.

"Kwa nini haina haja?" nikamuuliza.

"Shem, si tuliongea na Wainaina? Asubuhi nakupeleka na mandazi yako, halafu naingia nayo kazini. Jioni nairudisha nyumbani. Hata utakuwa umepumzika."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Hicho ndicho kilichoniuma. Hakuwa ananificha, alidhani najua. Walikuwa wameketi wawili, mimi nikiwa kule uwanjani naanguka na kuinuka, wakapanga nani atakaa mbele na nani atakaa nyuma. Na Wainaina akanipongeza kwa cheti huku anajua! Niliumia, jamani. Nilitamani kukaa chini pale pale kati ya matairi nilie. Mama Mwendwa alikuwa ananitazama tu. Chama hakikuchagulii.

Nikageuka tu ili wasione uso wangu, na hapo nikaiona nyingine, kule ndani pembeni, imesongwa na maboksi ya vipuri. Ndogo, nyekundu, ina vumbi. Nikamwambia muuzaji aitoe. Akamwangalia Ndegwa. Nikamwambia asimwangalie huyo, aniangalie mimi, mimi ndiye mteja. Akaitoa.

Nikakaa. Miguu yote miwili ikashika chini, kisigino na vidole. Nikaipeleka mbele, nikairudisha nyuma, nikaizungusha. Nilikuwa nayo kama vile ninavyokuwa na sufuria yangu. Muuzaji akasema hiyo ni ya watu wa kupeleka barua, hainunuliwi sana, haiwezi kubeba abiria wa maana. Ndegwa akaudhika. Akaniambia nishuke anionyeshe hiki kitu ni cha aibu kiasi gani.

Ndegwa ni mrefu. Kwao wote ni warefu. Alipokaa, magoti yakapanda mpaka viwiko, akigeuza usukani unamgonga paja. Anita akaziba mdomo na leso. Hata muuzaji akacheka, akajisahau.

"Unaona?" Ndegwa akasema. "Mtu mzima atatoka na hii kweli?"

Niliona, na niliona vizuri kuliko nilivyokuwa nimeona kitu chochote mwaka huo. Hapo ndipo nilipoipenda. Nikamwambia muuzaji, "Nipe hiyo. Na ufunge kreti nyuma, nafasi yote ya nyuma, pasibaki pa mtu kukaa."

Nilitaka kutoka Ngara nikiiendesha. Mama Mwendwa akakataa, akasema chama kimenunua pikipiki, hakijanunua jeneza. Basi tukaipakia kwenye pikapu mpaka madukani Mutuini, ambako wanachama wengine walikuwa wanatungoja na leso zao. Ikashushwa, nikafunga vibao vyangu vya mwanafunzi, vya herufi L, mbele na nyuma, nikavaa helmeti. Ndegwa alikuwa ametutangulia, bila shaka kupeleka habari.

Kutoka madukani kwenda kwangu ni barabara ya udongo, na ilikuwa imenyesha. Nilienda polepole, gia ya kwanza njia yote. Wanawake nyuma wanaimba, watoto wanakimbia kando, watu wanatoka mashambani kutazama. Kuna mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa heshima au kwa huruma. Nilikuwa naogopa na nilikuwa nimekasirika, na nadhani hasira ndiyo iliyonishikia usukani.

Langoni alikuwa Ndegwa, mkono ameshanyoosha. Alisema ndani kuna utelezi, nishuke aniingizie. Sikuzima injini. Nilimwambia kama anataka kunisaidia, afungue lango lote. Alisita. Wanawake wakasita kuimba. Akafungua, nikaingia, tairi la nyuma likayumba kidogo kwenye matope kisha likashika.

Wainaina alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la kanisani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Nikasimama mbele yake, miguu yote chini, injini inanguruma. Mama Mwendwa akaja taratibu akasimama kando yangu, akasafisha koo, akamwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu.

"Baba Debra, tumeleta. Hii ni ya nani?"

Wainaina akatabasamu, akaangalia watu. Akamwangalia Ndegwa. Kisha akasema, "Asanteni sana akina mama. Ni ya nyumba yetu."

Mama Mwendwa akamwuliza tena, kwa sauti ile ile. Wainaina akacheka kidogo, akasema si ni kitu kimoja, sisi ni familia, ndugu yangu naye ana kazi, tutasaidiana. Ndegwa akadakia kwamba waseme tu ni ya familia mambo yaishe, watu wana njaa. Na kweli chakula kilikuwa tayari, nilikuwa nimepika mwenyewe alfajiri.

Niliwaona wenzangu wakitazamana. Kurudisha kitu cha mtu mbele ya watu ni fedheha, na hakuna aliyetaka. Hata Mama Mwendwa nilimwona akivuta pumzi, labda akitafuta maneno ya kulainisha. Ni Anita aliyesema, kwa sauti ya chini sana, amesimama nyuma ya kila mtu.

"Hata yangu ilikuwa ya nyumba."

Basi. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nilifungua kioo cha helmeti nikamtazama mume wangu. Nampenda Wainaina, sitadanganya, ni mtu anayeamka usiku mtoto akikohoa. Lakini alikuwa ananipora huku anatabasamu, akiwa amevaa shati nililolipiga pasi.

"Baba Debra," nikasema, "mimi nilianguka kwenye ule uwanja ukiwa unajua. Kama hii pikipiki ni ya nyumba, basi nyumba iiendeshe. Mimi naondoka na yangu."

Nikaigeuza. Kwa vile ni ndogo, niliigeuza kwa miguu tu pale pale kwenye ua, nasukuma nyuma, navuta mbele, watu wananipisha. Hakuna aliyenishika. Ndegwa alikuwa bado anashikilia lango, na nadhani alisahau kulifunga. Nikapita karibu naye, kreti likamgusa tumbo.

Nilikuwa nimeshaingia barabarani, ninashuka kuelekea mtoni, nilipomsikia.

"Ni ya Wangu!"

Sauti ilikuwa ya Wainaina, ya kupasuka, ya mtu anayekimbia na viatu vya kanisani kwenye matope. Akarudia jina langu. Ni ya Wangu, ni ya Wangu. Nyuma yake wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

Nilimsikia vizuri. Mtaa wote ulimsikia. Lakini Musembi alikuwa bado hajanifundisha kugeuza kwenye mteremko, na hata angekuwa amenifundisha, siku ile singegeuka. Angeyarudia hayo maneno jioni, nikiwa nimeketi, akinitazama machoni. Nikabana klachi, nikaweka gia ya pili.