Mafuta ya Aron Yagombea Kiti

Aron Kipngeno alikuwa ndiyo kwanza amemeza tembe yake ya kolesteroli, nyumbani kwake karibu na Kapsoit, mafuta ya damu yake yalipomtoka, yakaketi kwenye kiti cha pili na kuomba chai. Yalikuwa na sura yake, shingo yake ya zamani yenye mikunjo, na tumbo lililofika mezani kabla ya mwenyewe. Mkewe, Cherotich, akayamiminia kikombe kikubwa.

"Sukari imetosha, mzee?"

"Mzee ni mimi," Aron akasema.

"Wewe Baba Fancy, maliza maji yako," Cherotich akamwambia mumewe.

Daktari alikuwa amemwonya kwamba bila dawa, moyo ungemzimikia shambani katikati ya majani chai. Kwa hiyo alimeza kila jioni, akakonda, na mgeni akanawiri. Majirani walimwita Mzee Mafuta. Kanisani alipewa kiti cha mbele chenye kitambaa. Aron alielekezwa kwenye benchi la mlangoni, pamoja na watoto wanaolia.

Hayo Aron aliyavumilia. Kilichomuuma ni uchaguzi wa kituo cha kuuzia majani chai. Alitaka uenyekiti ili karani wa mizani aache kuwaibia wakulima kilo zao. Siku ilipofika, alisimama akaeleza wizi huo vizuri sana, akasikilizwa kwa huruma.

"Aron amekwisha," alisema Omariba, dereva wa lori la majani. "Suruali yenyewe inamshinda kubeba."

Mzee Mafuta akasimama, akakohoa, akaketi.

"Sasa huyo ni kiongozi," alisema Bilhah, jirani yao. "Si mnaona shingo? Mtu ameshiba hivyo atatuibia nini?"

Watu wakapiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya Mzee Mafuta mpaka barabarani, Cherotich akiwa miongoni mwao. Aron alipogeuka kutazama foleni yake, aliona ng'ombe.

Mwenyekiti mpya hakuigusa mizani. Ila baada ya muda alianza kupungua, kwa kuwa hakuwa na chakula kingine ila kile kilichomtoka Aron, na Aron alikuwa amebaki mifupa. Kamati ya kituo ikakutana kwa dharura. Tangu hapo wanamletea Aron mbavu za mbuzi na malai ya maziwa kila jioni, kisha wanamsimamia ameze dawa. Daktari hajawahi kuona mgonjwa mwaminifu kama huyo.

"Na zile kilo zetu?" Aron aliuliza jana, mdomo umejaa. "Karani bado anaziiba."

"Meza kwanza," Bilhah akamwambia, akimshikia kikombe cha maji. "Mwenyekiti ana mkutano kesho."