Tisa wa Njia ya Punda

Ulinitazama, kisha ukatazama simu yako. Usibishe. Jumatatu iliyopita, pale Mkunazini, nilisimama mbele yako, mkono mmoja baiskeli, mkono mwingine karatasi, nikakwambia, "Wanataka kuifunga Njia ya Punda." Ghafla ukapata shughuli. Mimi ni fundi baiskeli wa Mwanakwerekwe, shule sikwenda mbali, lakini kusahau sijui. Nakikumbuka kijia cha Mbweni kilichokuwa kikiteremka mpaka pwani. Leo kina geti, na mlinzi anakuuliza unakwenda kwa nani. Siku lilipotiwa geti lile pia ulikuwa na shughuli.

Basi leo kaa nikusimulie. Usiogope, hakuna kilio humu. Utacheka mpaka ushike mbavu, halafu nina neno na wewe.

Njia ya Punda, kama umejisahaulisha, inaanzia nyuma ya Mangapwani, inakata mashamba, inatokea karibu na soko la Mahonda. Zamani ikipita mikokoteni ya nazi. Haina lami, haina gari, na kelele zake ni kunguru na cheni yako mwenyewe. Kuna mteremko mmoja, ukishaipita mihogo, ukiachia breki unahisi tumbo limebaki juu, linakufuata kwa miguu. Nina miaka hamsini na minane na kila nikifika pale napiga ukelele. Sioni haya.

Mwenye njia ile hasa ni Mwanapili. Anapika mikate ya kumimina, anaifunga kwenye keria kwa vipande vya tyubu ninavyomkatia mimi, na kila asubuhi anaipeleka Mahonda. Zamani alikuwa akipita barabara kuu. Siku moja lori la mchanga likamsukumia mtaroni, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Akaapa tairi lake halitagusa lami mpaka anakufa. Kwa hiyo ikifungwa Njia ya Punda, mikate imekwisha, na Mwanapili anakaa barazani kungojea kulishwa na watu. Yeye, ambaye hajapata kumwomba mtu hata chumvi!

Sasa bwana mmoja amenunua mashamba ya huku na huku, anataka kupitisha ukuta katikati. Ofisi ya wilaya ikatoa ilani: njia imekufa, haipitwi. Tukapiga kelele. Wakasema haya, tutaweka mhesabu siku mbili, Alkhamisi na Jumapili. Wakipita watu sitini waliopanda baiskeli, kila mmoja akaandikwa jina mara moja tu kwenye safu yao, njia itabaki. Wa miguu hawamo; wao watapewa kichochoro kando ya ukuta.

Sitini! Nilicheka peke yangu. Vijiji vitatu vinapita pale.

Alkhamisi nikafunga kibanda changu, nikapanda baiskeli yangu ya Foniksi, nikaenda kutazama ushindi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi limelala, nikaruka vidimbwi kama mtoto na suruali ikatapakaa matope mpaka kiunoni. Saa nne nikamkuta mhesabu katikati ya njia, na meza yake, na daftari lake, na kofia yake ya kiua imekaa sawasawa. Mzee Mmanga. Mfupi, mkavu, mwalimu mstaafu wa madrasa, mtu aliyewahi kumrudisha bwana harusi mlangoni kwa kuingia bila ya kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Silima. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Tumefika wangapi?"

Akapandisha miwani. "Waliopanda baiskeli, hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna. Wa miguu, thelathini na wanne."

Nikamwambia haiwezekani, njiani nimepishana na watu kumi wanarudi kwao, wote juu ya baiskeli. Akanitazama kwa huruma.

"Wakifika hapa wote wanaburura baiskeli kwa mkono. Karatasi inasema aliyepanda. Mimi sisemi uongo kwenye daftari, mwanangu."

Hapo ndipo nilipofahamu. Tangu lini mtu wa Mangapwani akampita mzee huku amekaa juu ya baiskeli? Hushuki, ukamwamkia, ukamuuliza hali? Utakuwa umezaliwa wapi? Wote thelathini na wanne walimwona Mzee Mmanga kwa mbali, wakapunguza mwendo, wakashuka, wakamwamkia vizuri, wakaburura baiskeli hatua ishirini za heshima, wakapanda tena wakenda zao. Ofisi imemweka mtu anayeheshimiwa kuliko wote pale pale pa kuhesabia!

"Wanashuka kwa ajili yako!" nikapiga kelele.

"Ndiyo adabu. Ulitaka wanipigie njuga usoni?"

"Basi jifiche!"

"Mimi si mwizi."

"Sogeza meza!"

"Nimepewa alama hii, hapa ndipo ninapokaa." Akachovya kalamu hewani kama zamani za wino. "Na wewe nshakuandika. Wa miguu, wa thelathini na tano."

Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kifuani. Nilishuka lini, wallahi sijui.

Akatokea Jecha, yule mpasua mawe mwenye mwili kama kabati. Nikamkimbilia kabla hajafika. "Jecha, usishuke! Mpite tu!"

"Nimpite Mzee Mmanga? Si ndiye aliyenisomesha?"

"Mpite, nakwambia! Njia itakufa!"

Akauma meno, akakanyaga pedali. Alikuja kwa kasi nzuri, macho ameyatoa, mpaka ikabaki kama kimo cha mnazi mmoja. Ukaona mguu wa kulia unateremka wenyewe. Akajipiga kofi la paja kuuzuia. Ukateremka wa kushoto. Baiskeli ikayumba, Jecha akaingia kwenye mihogo kichwa kwanza, na kutoka huko ndani ikasikika sauti nyembamba: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Mmanga akajibu, akaandika. "Wa miguu."

"Huyu hata miguu hakutumia!" nikasema. "Kaanguka!"

"Safu ya walioanguka haimo."

"Miguu yangu haikuniuliza," Jecha akalia, majani yamemjaa masikioni. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuupiga mateke mnazi, na papo hapo kicheko kinanisonga. Mzee mwenyewe mabega yalikuwa yakimtetemeka, ila uso ameukaza.

Hapo ndipo Mwanapili alipofika kutoka soko, keria tupu ila mkate mmoja. Akashuka, bila shaka. Akaamkia. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikitukana ofisi, ukuta, na adabu zetu wenyewe. Alilitazama lile daftari, safu ile nyeupe isiyo na jina hata moja, na mkono wake mbovu ukawa unaishika kanga na kuiachia.

Kisha akaukata mkate, akamwekea mzee kipande kikubwa mezani, akapiga magoti.

"Mzee, sikuombi uandike uongo. Naomba radhi yako."

"Umenikosea nini, mwanangu?"

"Bado. Nataka kukukosea sasa hivi. Nataka nipande baskeli yangu nikupite kama sikujui. Nami sitaweza mpaka uniradhi kwanza. Unipe mimi, uwape na wenzangu."

Mzee Mmanga akautafuna mkate taratibu. Tulisimama kama wanaongojea mwandamo wa mwezi. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akapaza sauti ile ile tuliyoogopa sote utotoni.

"Sikilizeni! Leo na Jumapili, kila mwenye baiskeli anipite amekaa. Nimewaradhi duniani na akhera. Asalimu kwa mdomo, makalio yabaki kwenye kiti. Na atakayeshuka mbele yangu, huyo ndiye atakayekuwa amenivunjia heshima!"

Mwanapili alipanda. Akarudi nyuma mpaka kwenye mteremko, akaachia breki. Akaja, kanga inapepea, mkono mmoja umepinda kwenye usukani kama bawa, njuga inalia bila ya kupumzika. "Shikamooo!" akapita kama upepo. Nikamsikia huko mbele akicheka, kicheko cha mtu aliyeruhusiwa kuvunja sahani.

"Marahaba! Wa kwanza!" Mzee Mmanga akapiga meza kwa kiganja.

Habari ikakimbia kuliko sisi. Waliopita asubuhi wakarudi kupita upya. Mwalimu Maisara akaja na buibui amelikusanya kiunoni, akapita huku amefumba macho kwa haya. Jecha akajaribu tena, safari hii miguu ameifunga kwenye pedali kwa vipande vyangu vya tyubu, akapita vizuri sana, tatizo likawa kusimama. Tulimfukuzia mpaka karibu na Mahonda kumfungua. Bibi mmoja mwenye miaka sabini akapita akiwa amepakiwa kwenye keria, akataka aandikwe. "Wewe hukuendesha," mzee akamwambia. Bibi akamshusha mjukuu wake, akashika usukani mwenyewe, akapita akiyumba huku na huku kama mlevi wa harusi. Akaandikwa, kwa vigelegele. Mimi nilipita wa kumi na tisa, na ukelele wangu nikaupiga.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mzee Mmanga akafunga daftari.

"Hamsini na mmoja."

Tukatazamana. Vijiji vitatu vilikuwa vimemalizika. Hakuna baiskeli iliyobaki ila moja isiyo na tairi la mbele, na jina haliandikwi mara mbili. Mwanapili akasema polepole, kama anayejisemea, "Tisa tu." Kisha akanigeukia. "Silima, wewe si unajua baskeli zote za mjini?"

Najua. Ndiyo maana niko mlangoni kwako.

Leo Jumamosi, kesho ni siku ya mwisho. Nimeshapita Malindi, Shangani na Kiponda, wanane wamekubali, na nimekuachia wewe mwisho makusudi, kwa sababu ya ile simu. Ya kwako ni ya kijani, iko ukumbini chini ya ngazi, umeifunika shuka la zamani. Tyubu ya nyuma nilikuzibia mimi mwaka juzi, na hujaipanda tangu siku ile. Usiniambie cheni ina kutu. Mafuta nimekuja nayo. Usiniambie hujui njia. Nitakuwa mbele yako, fuata ukelele.

Weka simu chini. Inuka. Ling'oe hilo shuka sasa hivi, mbele ya macho yangu, tulitie pampu tairi. Kesho alfajiri tunatoka, na utakapomwona mzee mwenye kofia ya kiua katikati ya njia, mwamkie kwa sauti, na usishuke!