Mchele wa Kuku

Veronica aliuona mfuko kabla hajatua jembe. Ulikuwa umeoshwa na kuanikwa kwenye kamba kati ya khanga mbili, unachuruzika maji. Akalitupa jembe.

Mfuko huo alipewa juzi na Ansbert, bwana shamba, kwenye mafunzo ya wakulima wa pamba nje kidogo ya Bariadi. Ulikuwa na kilo moja ya mchele ulioota kuvu ya kijani. Alitakiwa auloweke, auchuje, halafu maji yake ayanyunyizie pamba jua likishapoa. Kuvu ingemwingia funza anayetoboa pamba, imle ndani kwa ndani, kisha ichipue juu ya ngozi yake. Alionyeshwa funza mmoja aliyekufa hivyo, amekakamaa juu ya jani, mwili mzima manyoya ya kijani. Siku hiyo alipiga makofi.

Ansbert alisema kuvu ni kiumbe hai, joto huiua, iwekwe penye ubaridi. Na pale nyumbani kwao ubaridi ulikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya mtungi wa maji, jikoni kwa mama mkwe wake, Apolonia. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tangu mumewe, mzee Mabula, afe kwa sumu ya kupulizia pamba, Apolonia hakutaka dawa yoyote ya shamba ikanyage mji wake. Basi Veronica, mjanja wa watu, akasema ni mchele ulioharibika, anawawekea kuku. Alikwepa ugomvi wa dakika tano, akaona uongo ni rahisi.

Akakimbilia jikoni. Sufuria lilikuwa juu ya mafiga. Akalifunua, akakuta wali umebaki nusu.

Ilikuwa saa kumi alasiri, na viatu vya shule vya Nancy, binti yake wa miaka sita, vilikuwa mlangoni. Akamwita. Kimya. Akazunguka nyumba akimwomba Mungu kwa Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, na kila alipofumba macho alimwona mwanawe amekakamaa kama yule funza.

Alimkuta nyuma ya ghala, analia kwa hasira. Bibi amemnyima wali, kampa kiporo cha ugali, na kusema wali atakula jua likizama.

Veronica alimkumbatia akacheka kama mwehu. Kicheko kikakatika alipojiuliza aliyekula ile nusu ni nani.

Apolonia alikuwa chini chumbani, ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Mayu, mama yangu, umekula ule mchele?"

"Nimeuosha kwa maji saba. Kuku wale wali, mjukuu wangu ale ugali? Nikasema nianze mimi. Nikifika jioni mzima, na yeye ale."

Kisha akatapika.

Kwenye simu Ansbert alieleza kwamba kuvu hiyo ni adui wa wadudu, si wa watu, ila mchele uliovunda unaweza kuwa na sumu nyingine, wasikae nyumbani, wakimbilie zahanati. Veronica hakutulia hata kidogo. Akasimamisha bodaboda, akampakia mama mkwe katikati, akampigia Nancy kelele alinde mji, wakaondoka. Njia nzima alihisi tumbo la yule mama likitetemeka kwenye mikono yake, na akaogopa kwamba amemuua.

Zahanati ilikuwa mbali, walifika jua linakaribia kuzama. Muuguzi aliuliza mgonjwa amekula nini. Apolonia akajibu kwa taabu kwamba ni mchele wa kuku.

"Haukuwa wa kuku," alisema Veronica. "Ni dawa ya pamba. Nilikudanganya, mayu."

Alisubiri laana. Apolonia akajifuta mdomo kwa khanga.

"Nancy hajala?"

"Hajala."

"Nilimwahidi jua likizama."

Veronica aligeukia dirisha. Nje kulikuwa kumebaki wekundu tu, na nyumbani, alikobaki Nancy, sufuria la wali alikuwa ameliacha wazi juu ya mafiga.