Mama Mkwe Alionja Mara Mbili

Jumamosi, tarehe 10 Oktoba 1992. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha tangu kabla ya adhana, na ukungu ulikuwa umeukalia Mlima Kigali hata nyumba za juu za Nyamirambo hazikuonekana. Nilimwomba Mungu mvua ile izidi. Niliomba barabara ya Masaka, kwao mume wangu, iharibike kwa tope ili mama mkwe wangu asifike. Kisha nikaona aibu kwa sala ya namna hiyo, nikaanza Rozari upya.

Ilikuwa siku ya guhemba. Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wa upande wa mume huja na vikapu na vibuyu kumtunza kwa chakula, na zaidi ya yote humletea igikoma, uji wa mtama, ili maziwa yajae. Mzazi hunywa mbele yao, nao hufurahi. Mwanangu Shami alikuwa na wiki tatu. Mwanamke mwingine angeamka anaimba siku kama ile. Mimi nilikuwa naogopa kikombe.

Miaka miwili nyuma, wizara anakofanyia kazi ilimpeleka mume wangu Révérien kusoma Ubelgiji, nami nikaenda naye. Nilikuwa mnene sana. Shinikizo la damu lilikuwa juu, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Daktari wa kule alisema kwa mwili ule moyo wangu hautaweza kubeba mimba nyingine. Akanipasua. Alilishona tumbo kwa pini ndogo za chuma, akaacha kifuko kidogo upande wa juu, kama ngumi ya mtoto, na mlango wa kifuko akauzungushia pete ili chakula kipite polepole. Nilipungua, na damu ikatulia. Muuguzi wa mambo ya chakula alinifundisha kula kama mtoto anavyofundishwa kusoma: kwanza yai, nyama au maharagwe, halafu mboga, kijiko kidogo kidogo, kutafuna hadi kilainike kabisa, na kutokunywa kitu wakati wa kula. Alinionya hasa juu ya vitu laini vyenye sukari. Hivyo havizuiliki, alisema, vinateleza tu, na vitakudanganya kwamba umekula.

Niliyashika mafundisho yale hadi nilipopata mimba ya Shami. Kichefuchefu kilipoanza, yai likanishinda. Maharagwe yalikwama kifuani yakarudi. Kilichopita kilikuwa uji wenye sukari nyingi, fanta, na biskuti zilizochovywa katika chai. Nikavizoea. Nilijiambia nikishajifungua nitarudi kwenye njia yangu, lakini nilijifungua na sikurudi. Mwili ulikuwa unavimba tena kiunoni, huku mikono ikikonda na nywele zikibaki kwenye kitana.

Alhamisi ya wiki ile nilikuwa nimembeba Shami, nimesimama karibu na imbabura, jiko letu la mkaa, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa chini, mtoto kifuani analia, na goti langu limeungua kwenye jiko. Kituo cha afya walipima wakasema damu imepungua sana. Nisipokula chakula chenye nguvu, maziwa yatakauka, na siku nyingine nitaangukia motoni pamoja na mtoto.

Nilitaka kurudi kula kama nilivyofundishwa. Lakini ningewezaje, katika nyumba ambamo hakuna aliyejua tumbo langu lilivyo? Révérien alikuwa amemwambia mama yake kwamba Ulaya nilitolewa uvimbe. Alikuwa na sababu. Mama Mukankusi alikuwa msichana mdogo wakati wa Ruzagayura, njaa kubwa ya zamani. Katika madarasa ya jioni ya parokia, ninakomalizia masomo niliyoyaacha utotoni, njaa ile tulifundishwa kwa sentensi mbili. Mama mkwe huisimulia kwa majina ya waliozikwa.

"Utakunywa kidogo, utatabasamu, halafu utasema mtoto analia," Révérien aliniambia asubuhi ile. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo kana kwamba anakwenda ofisini Kacyiru.

"Na nikitapika?"

"Utatapika wakiisha kuondoka."

"Baba Shami, nilianguka na mtoto."

"Najua." Aliifungua tai, akaanza tena. "Lakini watu waliokimbia vita Byumba wanalala njaa kando ya barabara. Unataka mama asikie kwamba wewe ulilala kwenye kitanda cha wazungu ukashonwa tumbo ili usile?"

Maneno yale nilikuwa nayo moyoni kabla yeye hajayasema.

Alipotoka kwenda kununua soda, nilichemsha yai moja. Nilimwomba Bikira Maria anisaidie, nikaliponda kwa chumvi, nikala jikoni nimesimama. Nilitaka siku ile ianze vizuri. Lakini nilikula kwa haraka, kwa sababu nilisikia gari, na tonge la mwisho sikulitafuna. Nililisikia likisimama kifuani kama jiwe.

Mvua ilikuwa imekoma. Wanawake walishuka kwenye pikapu wakiwa na vikapu kichwani, viatu vimejaa tope, wanaimba. Mbele alikuwa Mama Mukankusi, mrefu, kimya, amekumbatia kibuyu chake. Nyuma yake alikuja Gaudiose, shangazi wa mume wangu, ambaye mdomo wake hauna mlango.

"Huyu ndiye mzazi?" Gaudiose aliuliza, akanizunguka. "Mimi nilidhani ni mtumishi. Révérien, mwanangu, ulikwenda Ulaya na mke mzima, ukaturudishia nusu?"

Wakacheka wote. Révérien alicheka kuliko wote.

"Nusu nyingine iko hapa," nikasema, nikamwonyesha Shami, nao wakacheka tena, na kwa muda mfupi nilifikiri nitavuka.

Mama Mukankusi alimpokea mtoto, akamnusa kichwani, akamrudisha mikononi mwangu. Kisha akaomba kikombe. Aliletewa kile kikubwa cha bati. Akamimina uji hadi juu, akaonja kama desturi inavyotaka, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Ni mtama wa shamba langu. Nimeusaga mwenyewe, sikumwachia mtu."

Nilikunywa funda moja. Halikuwa na mahali pa kwenda. Likapanda, mate yakajaa mdomoni, kifua kikabana hadi machozi yakanitoka. Nikajaribu la pili, likasimama juu ya lile la kwanza. Nikakiweka kikombe mezani, nikaziba mdomo kwa kitenge.

Nyimbo zilikatika.

"Mbona anakiweka chini?" Gaudiose alisema. "Kikombe kimeonjwa. Tumeona sote kimeonjwa."

"Labda ni moto," mwanamke mmoja akasema.

"Uji umetoka Masaka, utakuwa wa moto?" Gaudiose akakitazama kitenge kilichoziba mdomo wangu. "Siku hizi watu hawaaminiani. Mabaya ya barabarani sasa yameingia hadi ndani ya nyumba."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza ili ijulikane hakina sumu. Anayekikataa baada ya kuonjwa amesema neno ambalo halitamkwi, na amelisema mbele ya watu. Nilitaka kuzungumza, lakini uji ulikuwa kooni na sikuthubutu kufungua mdomo.

Mama Mukankusi alikichukua kikombe. Hakukitazama. Alinitazama mimi, akakiinua, akanywa, funda baada ya funda, mwanamke mzee, mbele ya wenzake aliokuja nao, kuonyesha kwamba yeye si muuaji wa mama wa mjukuu wake. Uji ulimtiririka kidevuni.

"Mama, ni tumbo tu," Révérien alisema kutoka mlangoni. "Tangu jana ana—"

"Wewe sikukuuliza."

Nilimwachia Révérien mtoto, nikaenda kutapika nyuma ya nyumba. Nilipomaliza nilikaa kidogo nimeshika ukuta. Sala haikuja, yalikuja maneno mawili tu: Bwana, nisimamishe. Nikanawa uso, nikarudi, nikamchukua mtoto, nikapiga magoti mbele ya Mama Mukankusi kwa shida, kwa sababu ya goti lile lililoungua, na kitenge kikalifunua.

"Mama, sikuuogopa uji wako. Ulaya sikutolewa uvimbe. Nilishonwa tumbo. Limebaki dogo kama ngumi ya mtoto. Nilikuwa nimekula yai, hakukuwa na nafasi."

Nikamweleza yote, pini, pete, na jinsi sukari inavyoteleza wakati maharagwe yanakwama. Révérien alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wengine wamefunga mkanda nje kwa njaa," Gaudiose alisema polepole, "huyu kafungwa wa ndani."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kaka yangu Gatera," Mama Mukankusi alisema, "tulimkuta njiani na majani mdomoni. Alikuwa anatafuta kitu cha kutafuna. Na wewe, uliyekuwa nacho, ulikwenda kwa wazungu wakizuie."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini?"

"Ni kweli. Lakini wawili walikuwa wameshafia tumboni. Bila kisu kile Shami asingekuwepo."

Mama Mukankusi alimgeukia mtoto kifuani kwangu. Mtoto alikuwa anatafuta ziwa, akilipata na kuliacha, analalamika.

"Ungeniambia."

"Nilikuogopa."

"Ukaniogopa mimi kuliko moto?" Akaonyesha goti langu kwa kidole. "Mimi nimezaa saba. Mzazi hachomeki goti kwa kupika. Ulianguka. Ulianguka na huyu?"

"Nilianguka naye."

Mama Mukankusi alifuta kidevu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuona humo msamaha, wala sikuthubutu kuuomba. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa kavu.

"Huko walikuambia ule nini?"

"Yai. Samaki. Nyama ikisagwa. Maharagwe yakipondwa. Kidogo, na mara nyingi."

"Maharagwe nimeleta kikapu kizima." Akageuka kwa wenzake. "Mnasikia? Nimeamka usiku kusaga mtama, na alichohitaji kiko shambani kwangu mwaka mzima. Wameninyima kumlisha."

"Basi uji tutaunywa sisi," Gaudiose akasema chini chini.

"Kunywa, labda utanyamaza." Kisha akanigeukia. "Sitaki machozi yako, na sitaki unywe kitu ili kunifurahisha. Nataka mtoto huyu awe na mama. Simama. Sema mbele ya hawa, kwa sauti, utakavyokula, ili nikirudi niwe na la kuuliza. Na wewe Révérien, simama karibu naye. Uongo ulikuwa wenu wawili."

Révérien alikuja akasimama pembeni yangu. Akanishika kiwiko. Wanawake wote walikuwa wananitazama, na nilijua kwamba kabla ya jioni Masaka nzima itajua. Nilifanya ishara ya msalaba.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, mama zangu," nikasema, "mimi Daphrose naahidi. Kuanzia leo nitaanza na maharagwe yaliyopondwa, au yai, au samaki, kijiko kimoja kimoja, hata ikichukua saa nzima na watu wakinicheka. Uji wa sukari hautakuwa tena chakula changu. Kitu kikikwama sitajificha, nitamwambia mume wangu, tutakwenda kwa daktari. Na wewe mama, ukinipa kitu nisichoweza kukimeza, nitakuambia siwezi, nikikutazama usoni."